Mbwa Mkubwa Asikuzwe kwa Haraka

Kuna ushauri unaozunguka sana hapa Mombasa, geti hadi geti, kuanzia Nyali na Bamburi mpaka Mtwapa. Ukipata mtoto wa mbwa wa aina kubwa, mshindilie chakula, mpe nyama kwa wingi, umtilie na kalsiamu juu yake, na kabla ya miezi minane atakuwa dume la kuwatia wezi hofu. Naupinga ushauri huu kwa nguvu zote. German Shepherd, Rottweiler, Boerboel, Great Dane: hawa ndio wanaopaswa kukuzwa taratibu kuliko mbwa wengine wote, na chakula chao kichaguliwe kwa kigezo hicho kabla ya bei, kabla ya picha iliyochapwa kwenye mfuko, na kabla ya maneno ya muuzaji.

Angalia kazi iliyo mbele ya mifupa yake. German Shepherd huzaliwa akiwa na takriban nusu kilo. Mwaka mmoja na nusu baadaye dume ana kilo 30 hadi 40. Kwa sehemu kubwa ya muda huo, karibu na ncha za mifupa yake mirefu bado kuna gegedu laini linalogeuka mfupa kidogo kidogo, na gegedu hilo hilo ndilo linalobeba mwili unaozidi kuwa mzito kila wiki. Ukimnenepesha, uzito hutangulia na mifupa ikabaki nyuma. Hapo ndipo unapoona nyonga isiyokaa sawasawa katika kikombe chake, gegedu linalobanduka begani au kwenye kiwiko, miguu ya mbele inayopinda kuelekea nje, na mbwa ambaye bado hajafikisha mwaka lakini asubuhi huinuka kwa taabu kama mzee. Damu ya wazazi ina sehemu yake, na kubwa, hasa katika ugonjwa wa nyonga. Lakini damu ya wazazi huwezi kuibadilisha ukishamleta nyumbani. Bakuli unaweza.

Mwaka 2002 yalitolewa matokeo ya utafiti wa Marekani uliowafuata Labrador 48 tangu utotoni hadi kufa. Walipangwa wawili wawili, ndugu wa uzao mmoja, na katika kila jozi mmoja alipewa chakula pungufu kwa asilimia 25 kuliko mwenzake. Chakula kilikuwa kile kile, kilichopungua ni kiasi tu. Waliokula kidogo waliishi hadi miaka 13 kwa wastani wa kati, na wenzao miaka 11.2. Nyonga zao pia zilikuwa na afya zaidi, na maumivu ya viungo yaliwafikia wakiwa wamechelewa sana. Sijui dawa yoyote ya kuuzwa dukani inayoweza kumpa mbwa karibu miaka miwili ya ziada. Hii haina hata gharama, inapunguza gharama.

Sasa kalsiamu, kwa maana hapa ndipo watu wema wenye nia njema wanapoumiza wanyama wao. Ukiingia agroveti nyingi na kusema una mtoto wa mbwa mkubwa, utatolewa chupa ya kalsiamu ya maji au kifuko cha ule unga mweupe wa DCP wanaopewa ng'ombe wa maziwa. Hoja inasikika ya maana: mifupa mikubwa inataka kalsiamu nyingi. Tatizo ni kwamba utumbo wa mtoto wa mbwa haufanyi kazi kama wa mbwa mzima. Mbwa mzima akipewa kalsiamu kupita kiasi, utumbo wake huipunguza njiani na iliyobaki hutoka na kinyesi. Mtoto aliye chini ya miezi sita hivi hana uwezo huo wa kuikataa. Sehemu kubwa ya anayopewa huingia mwilini, atake asitake. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, wakiongozwa na Hazewinkel, walilionyesha hili katika miaka ya 1980 kwa watoto wa Great Dane: waliolishwa kalsiamu nyingi mno waliharibika mifupa na magegedu, na mifupa yao haikujijenga upya inavyopaswa wakati wa kurefuka. Kwa hiyo ukishanunua chakula kilichokamilika halafu ukakinyunyizia kalsiamu, umekiharibu. Rudisha chupa hiyo dukani. Daktari wa mifugo akiona upungufu baada ya kumpima mbwa wako, hilo ni jambo jingine.

Inayolaumiwa bure ni protini. Utasikia mtu akikataza chakula chenye protini ya juu kwa kuogopa kwamba itamkuza mbwa kwa kasi. Kikundi hicho hicho cha Utrecht kilijaribu viwango tofauti vya protini kwa Great Dane na hakikuona protini nyingi ikiharibu mifupa. Wa kuogopwa ni wawili: shibe iliyozidi na kalsiamu iliyozidi.

Ukisimama mbele ya mifuko dukani, basi, usitafute neno linalomaanisha mtoto wa mbwa peke yake. Tafuta kile kilichoandikwa kuwa ni cha watoto wa mbwa wa aina kubwa. Kwa Kiingereza huandikwa "large breed puppy". Ugeuze mfuko usome maandishi madogo ya nyuma. Kwenye vyakula vinavyofuata vipimo vya AAFCO, chama cha maofisa wa Marekani wanaosimamia vyakula vya wanyama, kuna sentensi inayosema chakula kinafaa kwa ukuaji, na mwishoni inataja kama ukuaji huo ni pamoja na wa mbwa wakubwa, yaani watakaofika ratili 70, karibu kilo 32, wakikomaa. Ikiwa sentensi inasema mbwa hao hawamo, kiache. Kisha tafuta kiasi cha kalsiamu. Vipimo hivyo vinaweka kikomo cha asilimia 1.8 kwa chakula kilichotolewa unyevu wote, na mimi ningependa kiwe chini zaidi, kati ya 1.0 na 1.5. Hesabu yake si ngumu. Mfuko ukisema kalsiamu ni asilimia 1.2 na unyevu ni asilimia 10, gawa 1.2 kwa 0.9 na utapata 1.33. Hicho ni kizuri. Kalsiamu ipite fosforasi kidogo, isifike maradufu. Na mfuko usiotaja kalsiamu kabisa, wala kutoa namba ya kuuliza, mimi siununui hata ukiwa na picha ya mbwa mwenye kifua kama mlango.

Wapo wanaokwepa yote haya kwa kumpa mtoto chakula cha mbwa wazima tangu mwanzo, wakidhani ndiyo njia ya kumpunguzia kasi. Sikubaliani nao. Chakula cha wazima hakikutengenezwa kwa mwili unaojengwa, na kwa kuwa mara nyingi nguvu yake ni ndogo kwa kila kikombe, mtoto hukila kwa wingi zaidi ili ashibe, na kalsiamu yake huingia kwa wingi huo huo.

Wengi wetu hatununui mfuko, tunapika. Sufuria ya ugali na mapupu, au vichwa na miguu ya kuku kutoka soko la Kongowea, ndicho chakula cha mbwa wengi wa mji huu, na mbwa wazima wa kienyeji wamekua nacho vizazi na vizazi. Silidharau sufuria hilo. Lakini kwa mtoto wa mbwa mkubwa lina hatari ya upande wa pili. Nyama tupu, na mapupu na maini, ina fosforasi inayozidi kalsiamu zaidi ya mara kumi. Ugali hauna kalsiamu ya kuziba pengo hilo. Mwili ukikosa kalsiamu kwenye damu huenda kuichota kwenye mifupa, na mifupa hubaki myembamba, hupinda, na wakati mwingine huvunjika mbwa akiruka tu kutoka kibarazani. Mwenye mbwa anaona matege, anakimbilia kalsiamu ya chupa bila kipimo, na tumerudi kule kule tulikotoka. Dagaa mzima mwenye miiba yake ni bora kuliko mapupu, kwa sababu kalsiamu imo kwenye miiba hiyo, mradi aoshwe mchanga na asiwe wa chumvi. Hata hivyo chungu cha nyumbani kilichosawazishwa kwa mbwa mkubwa anayekua kinataka kipimo cha mtaalamu, si mkadirio wa mkono. Kama bajeti hairuhusu mfuko mzima kila mwezi, ningeelekeza pesa zote kwenye miezi sita ya kwanza, wakati mwili hauwezi kusamehe, na sufuria liongezwe baadaye taratibu.

Na mabaki ya shughuli, tafadhali. Harusi ikiisha, sinia la biriani hupelekwa nyuma ya nyumba kwa nia ya huruma. Biriani imejaa vitunguu, na vitunguu huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa, hata vikikaangwa. Zabibu kavu za kwenye pilau zinaweza kumwua figo. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha. Mbwa atakula vyote kwa furaha, na furaha yake si ushahidi wa lolote.

Hewa yetu nayo inataka kuzingatiwa, jambo ambalo walioandika maelekezo ya kwenye mifuko huko Ulaya hawakuwa nalo akilini. Duka nyingi hufungua gunia na kuuza chakula kwa kupima, kilo moja moja, kwenye mfuko wa karatasi. Naelewa kwa nini: mtu ananunua kulingana na mfuko wake. Lakini ukinunua hivyo umepoteza maandishi, umepoteza tarehe ya mwisho, na hujui gunia limekaa wazi tangu lini katika unyevu huu. Mafuta ya chakula huchacha, na nafaka huota ukungu, hasa masika ya Aprili na Mei. Wakenya hatuhitaji kufundishwa aflatoksini ni nini. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu zaidi ya mia moja Ukambani. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo upesi, ini lake ndilo linaloumia kwanza, na kuchemsha hakuiondoi. Ndiyo maana unga wa mahindi uliooza usioweza kuuzwa kwa watu haupaswi kuwa uji wa mbwa. Ikiwa ni lazima upime, pima kwenye duka ambalo gunia linafunguliwa mbele yako, na upige picha maandishi yake. Ukiwa na mfuko wako, uache chakula ndani ya mfuko wenyewe, uufunge, uutie kwenye ndoo yenye kifuniko iliyoinuliwa sakafuni, na ukimalize ndani ya mwezi au wiki sita.

Kiasi cha kulisha hakitoki kwenye jedwali la mfuko peke yake. Jedwali ni pa kuanzia. Mbavu ndizo zinazoamua. Pitisha vidole ubavuni: unapaswa kuzihisi bila kubonyeza, na ukimtazama kutoka juu uone kiuno kimeingia ndani. Ukizitafuta mbavu huzipati, punguza leo, usisubiri akue "ayamalize" yale mafuta. Mpime uzito kila wiki au mbili: panda kwenye mizani umembeba, kisha panda peke yako, utoe. Mlishe mara nne kwa siku hadi miezi mitatu au minne, mara tatu hadi miezi sita, kisha mara mbili, na bakuli liondolewe baada ya dakika kumi na tano. Bakuli linalokaa limejaa mchana kutwa linafaa sisimizi na panya kuliko mbwa. Na ukiona tumbo limevimba huku mbavu zimejitokeza, hiyo si njaa ya kuongezewa chakula. Mara nyingi ni minyoo, na dawa yake hutolewa kwa uzito wa mbwa.

Majirani watasema umemkondesha. Watu wa Mwambao tunaona huruma kwa kushibisha, na mbwa mwembamba getini huonekana kama aibu ya mwenye nyumba. Hapa nasema bila kusitasita: mtoto wa mbwa mkubwa aliye mwembamba, mwenye manyoya yanayong'aa na macho maangavu, ametendewa haki kuliko yule mviringo anayesifiwa na kila mpita njia. Kimo chake cha mwisho kimeandikwa na wazazi wake. Atakifikia hata hivyo, kwa miezi michache zaidi.

Mwenye kufikiria kununua, ninamwomba afanye hesabu ya chakula kabla ya hesabu ya mbwa. Nenda dukani, uliza bei ya mfuko unaofaa, zidisha kwa miezi 12 hadi 18, na kwa Great Dane au Boerboel hadi 24, kwa maana hao hukawia kukomaa. Ikiwa jumla inakutisha, chukua mbwa wa kienyeji. Anabweka usiku vile vile, anahimili joto letu vizuri zaidi, na mifupa yake haihitaji uangalizi huu wote. Tulifundishwa tangu madrasa habari ya mwanamke aliyemfungia paka bila kumlisha wala kumwachia ajitafutie. Mbwa aliyefungwa nyuma ya ukuta wa Nyali yuko katika hali ile ile: hana chakula isipokuwa ulichomchagulia wewe.

Ukibadilisha chakula, changanya cha zamani na kipya kwa siku saba hadi kumi, tumbo lisivurugike. Na mtoto akianza kuchechemea, au akakataa kucheza, usimpe dawa ya maumivu ya watu na usimwongezee kitu bakulini. Mpeleke kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa, ukiwa na mfuko wa chakula chake au picha ya maandishi yake, na kile kikombe unachopimia, kwa kuwa daktari makini atataka kujua mapema kabisa mbwa anakula nini na kiasi gani.