Nyota ya Nne ya Komoro

Nilikuwa nafundisha somo la Uraia katika shule ya sekondari hapa Dodoma, na ubaoni nilikwisha kuandika sifa nne za dola kama zilivyowekwa na Mkataba wa Montevideo wa mwaka 1933: watu wa kudumu, eneo linalojulikana, serikali, na uwezo wa kuhusiana na mataifa mengine. Niliwaagiza wanafunzi wachore bendera ya nchi jirani yoyote, na msichana mmoja akachora ya Komoro kwa uangalifu mkubwa, pembetatu ya kijani yenye mwezi mwandamo, kisha akaniletea daftari pamoja na atlasi. "Mwalimu, nyota ziko nne, lakini visiwa vyao humu ni vitatu."

Nyota ya nne ni Mayotte, ambayo wenyeji huiita Maore. Katika kura ya Desemba 1974 Wakomoro kwa jumla waliuchagua uhuru kutoka Ufaransa kwa wingi mkubwa, lakini wengi wa wapiga kura wa Mayotte waliukataa. Ufaransa ikaamua kuhesabu kila kisiwa peke yake, na mwezi Februari 1976 suala hilo lilipofika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, ikatumia kura yake ya turufu. Tangu mwaka 2011 Mayotte ni mkoa kamili wa Ufaransa. Siwezi kuidharau kura ya watu wa Mayotte, kwa maana nao wana haki ya kusikilizwa. Linaloniuma ni kwamba mwenye kuamua kura zihesabiwe vipi alikuwa mkoloni yuleyule aliyekuwa akiondoka, na kwamba tangu mwaka 1995 Mkomoro anahitaji viza ili avuke kwenda kuwaona ndugu zake. Wasioipata hupanda mashua ndogo usiku kutoka Anjouan, kimoja cha visiwa vile vitatu, na wengi wamezama.

Watu husema kwamba nchi za visiwa kama Komoro zinayumba kwa sababu ni ndogo. Ni kweli kwamba Jiji la Dodoma peke yake ni pana kuliko visiwa vitatu vya Komoro vikiunganishwa, lakini udogo wa eneo haujawahi kuifuta nchi yoyote kwenye ramani. Naona ugumu uko kwenye ile sifa ya nne, kwa kuwa uwezo wa kuhusiana na wengine una maana pale tu wengine wanapokubali kukutambua na kukusikiliza. Chagos, visiwa vya Bahari ya Hindi, ilimegwa na Uingereza kutoka Mauritius mwaka 1965, miaka mitatu kabla ya uhuru wa Mauritius, na wakazi wake wakahamishwa. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni mwaka 2019 kwamba umegaji ule haukuwa halali, lakini hata mkataba uliotiwa saini mwaka 2025 unaiacha kambi ya kijeshi ya Diego Garcia, kisiwa kikubwa cha Chagos, mikononi mwa Uingereza kwa miaka 99. Tuvalu nayo, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki inayotishiwa na bahari, imepata ahadi ya Australia kwamba itaendelea kuitambua kuwa dola hata ardhi yake ikimezwa na maji. Kwa malipo ya ahadi hiyo, imekubali kutofunga mkataba wa ulinzi na nchi nyingine bila ridhaa ya Australia. Siilaumu Tuvalu, anayezama hana nafasi ya kujadili bei ya kamba.

Sisi Watanzania tunahusika kuliko tunavyokiri. Mwezi Machi 2008 askari wetu walikuwa miongoni mwa majeshi ya Umoja wa Afrika yaliyotua Anjouan na kukirudisha kisiwa hicho chini ya serikali ya Moroni, mji mkuu wa Komoro. Tulihatarisha maisha ya vijana wetu kwa ajili ya nyota moja ya bendera ile, na ndiyo maana nataka Bunge letu, ambalo liko hapahapa mjini, liizungumze nyota nyingine kwa sauti ileile.

Msichana yule alitaka kujua aandike visiwa vingapi kwenye mtihani. Nilimwambia aandike vinne, kisha aeleze kwa nini atlasi yake inaonyesha vitatu.