Majivu ya Makapi ya Mpunga Kwenye Zege

Wanaopigia debe majivu ya mabaki ya mazao yachukue nafasi ya sehemu ya saruji wana hoja nzito. Saruji huokwa kwenye tanuri lenye joto la takribani nyuzi 1,450 za Selsiasi, na jiwe la chokaa humo hutoa kaboni dayoksaidi lenyewe, mbali na ile ya mafuta yanayochomwa. Ndiyo maana tasnia hii hukadiriwa kuchangia karibu asilimia 8 ya hewa hiyo inayotokana na shughuli za binadamu. Makapi ya mpunga, yanayorundikana nyuma ya mashine za kukoboa, yakichomwa vizuri huacha majivu yenye silika, madini yaleyale ya mchanga, ya asilimia 85 hadi 95. Silika hiyo huungana na chokaa inayobaki saruji inapokutana na maji, ikazaa gundi ileile inayoshika mchanga na kokoto.

Tatizo ni kwamba neno "majivu" linabeba vitu vingi mno. Makapi yaliyochomwa vibaya hutoa majivu meusi, yaliyojaa kaboni isiyoungana na chochote. Joto likizidi sana nyuzi 700 kwa muda mrefu, silika hujipanga kuwa fuwele, ikawa vigumu kuungana na chokaa, na vumbi lake likawa hatari kwa mapafu. Hata majivu mazuri yana vitundu vidogo vinavyokunywa maji: fundi huona zege limekuwa kavu, huongeza ndoo moja, na nguvu yote iliyotarajiwa hupotea hapo. Kwangu mimi, ndoo hiyo ndiyo hoja kali kuliko zote za wapinzani.

Hoja ya uchache wa majivu hainishawishi sana. Ni kweli kwamba tani moja ya mpunga hutoa takribani kilo 200 za makapi, na hayo huacha kilo 40 tu za majivu, yaani pungufu ya mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50. Lakini majivu yakiwa asilimia 10 ya jumla ya saruji na majivu, kilo hizo hutosha mchanganyiko wenye kilo 360 za saruji.

Kwa hiyo majivu yasagwe na kuchanganywa kiwandani, penye tanuri linalodhibitiwa na maabara. Anayeyachanganya mwenyewe kwenye eneo la ujenzi, bila kuvunja michemraba ya majaribio, yaani vipande vya zege hilo vya kupimia nguvu yake, siku ya 7 na ya 28, anabahatisha kwa nguzo zitakazobeba watu.