Pafu si mti uliopinduliwa

Weka picha ya mirija ya pafu kando ya picha ya mbuyu uliopukutisha majani, kisha tazama kutoka juu Kilombero na Luwegu zinavyokutana na kuwa Rufiji. Ni rahisi kusema kanuni ya kugawanyika ni moja. Na wanaosema hivyo wana hoja: mwaka 1926 Cecil Murray alikokotoa upana ambao mishipa ya damu inapaswa kuwa nao inapogawanyika ili mwili utumie nguvu kidogo kabisa, na mwaka 1997 West, Brown na Enquist wakaeneza fikra ya namna hiyo kwa mimea na wanyama. Ni kazi nzito.

Wanaositasita huonekana watu wasioguswa na uzuri. Nadhani wanaonewa, kwa sababu wao ndio wanaotazama kwa karibu zaidi. Mto huchimbwa na maji yenyewe. Mti hufuata mwanga, na tawi likivunjika huchipusha jingine. Mirija mikubwa ya pafu huwa tayari imegawanyika tumboni, kabla mtoto hajavuta pumzi hata moja.

Kisha kuna namba ambayo siwezi kuiacha. Kwa hesabu ya kuokoa nguvu, mrija wa hewa ukigawanyika kuwa miwili, kila mrija mtoto ubaki na takriban 0.79 ya upana wa mrija mama. Mwaka 2004 mtafiti Mauroy na wenzake walionyesha kwamba katikati ya pafu la binadamu kipimo kinakaribia 0.85. Tofauti ndogo? Izidishe kwa migawanyiko kumi: mrija wa mwisho unakuwa na upana mara mbili ya ule wa hesabu. Na mrija wa urefu uleule ukipungua upana kwa nusu, ukinzani wa hewa huongezeka mara 16.

Upana huo una gharama, hilo nalikubali. Katika pumzi ya kawaida ya mililita 500, kama 150 huishia njiani bila kufika kwenye vifuko vya hewa, na mirija ikiwa mipana hewa inayopotea huzidi. Ila pafu lililojengwa kwa 0.79 lingekuwa halina akiba: mirija ikivimba kidogo tu, kama inavyovimba kwa mwenye pumu usiku wa baridi, hewa ingekwama. Mbuyu haujawahi kuugua pumu, na kanuni inayotoshea mbuyu haikulazimika kuiwazia.