Kina mama wa ziwa hili wamo ndani ya uchanganuzi nafsi

Mwaka 1954 Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyekulia Kanada, alifika Kampala kwa sababu mumewe alikuwa amepata kazi katika taasisi ya utafiti wa jamii ya Afrika Mashariki. Alitokea London, alikofanya kazi na John Bowlby, daktari na mchanganuzi nafsi aliyeshughulishwa na swali moja: mtoto mdogo anapotenganishwa na mama yake, ni kitu gani hasa kinachomuumiza? Ainsworth aliambiwa kwamba Waganda wanapomwachisha mtoto ziwa humpeleka akalelewe na ndugu, akaona hapo ndipo pa kulichunguza swali hilo. Alipoingia vijijini akakuta familia nyingi zimeshaiacha desturi hiyo. Akaliweka swali lake kando, akaanza kukaa na watu majumbani mwao na kutazama.

Alizitembelea familia 26, kila baada ya wiki mbili hivi, kwa miezi kadhaa, akiwa na mkalimani. Aliona mtoto anamwacha mama, anatambaa kwenda kuchunguza kitu, anageuka kuhakikisha kwamba mama bado yupo, anarudi kumgusa, kisha anakwenda mbali zaidi. Mwalimu wake wa Toronto alikuwa amemfundisha kwamba mtoto huthubutu kuijua dunia akiwa na mahali salama pa kurejea. Huku alilikuta wazo hilo likitambaa mbele ya macho yake. Kitabu cha utafiti huo kilitoka mwaka 1967, na kazi aliyoifanya baadaye Baltimore, Marekani, ile inayotajwa zaidi vyuoni, ilijengwa juu ya aliyoyaona Uganda.

Naeleza haya kwa sababu wenzangu wengi hapa Mwanza, tukianza kuzungumzia uchanganuzi nafsi, ile fani ya kuielewa na kuitibu nafsi kwa kuzungumza na kusikiliza (kwa Kiingereza psychoanalysis), hunijibu kwamba hayo ni mambo ya Wazungu wenye fedha za kulala kwenye kochi la daktari mara nne kwa wiki na kusimulia ndoto. Sikubaliani nao hata kidogo. Sehemu ya fikra hizo ilizaliwa ng'ambo tu ya ziwa hili la Victoria, kwenye nyumba za watu wanaoishi karibu kama sisi tunavyoishi, na waliochangia kuizaa ni kina mama ambao majina yao hayapo kwenye majalada.

Katika matokeo ya Ainsworth kuna jambo linalonigusa kila ninapolisoma. Watoto waliokuwa na utulivu zaidi walielekea kuwa wa kina mama walioweza kumweleza mtafiti habari za mtoto wao kwa undani, vile vitu vidogo vidogo ambavyo mtu huvijua kwa sababu amekuwa akimwangalia. Fikiria maana yake. Mtafiti alisafiri bara zima kwenda kuchunguza, na alichokuta kinawafaa watoto ni uchunguzi ambao mama zao walikuwa wakiufanya kila siku. Kwangu mimi hao walikuwa watafiti wenzake.

Na historia yote ya fani hii, ukiisoma kwa makini, imejaa watu wa namna hiyo. Bertha Pappenheim, mgonjwa wa daktari Josef Breuer kule Vienna miaka ya 1880, ndiye aliyeita matibabu yake tiba ya kuzungumza, kabla Sigmund Freud, mwanzilishi wa fani hii, hajayajengea nadharia. Baadaye akawa mtetezi mkubwa wa wanawake na watoto yatima Ujerumani. Melanie Klein, aliyebadili kabisa namna ya kuwaelewa watoto wachanga, hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Anna Freud, binti yake Sigmund na mchanganuzi nafsi wa watoto, alianza kama mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka 1926 Sigmund Freud mwenyewe aliandika kijitabu kizima kutetea kwamba mtu asiye daktari anaweza kufanya kazi hii, ilimradi amefunzwa. Kwa hiyo muuguzi wa kliniki ya watoto Nyamagana, mwalimu wa malezi Ilemela na ofisa ustawi wa jamii Ukerewe wasidhani wanaingilia mambo yasiyowahusu.

Frantz Fanon anastahili kusimuliwa kwa kirefu, maana kisa chake kinatuhusu moja kwa moja. Daktari huyu wa magonjwa ya akili, mzaliwa wa kisiwa cha Martinique katika Karibi, alichukua kazi katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Blida, Algeria, mwaka 1953. Kwenye wodi ya wanawake wa Kizungu alianzisha mikutano, gazeti la wagonjwa, sherehe na maonyesho ya sinema, na wagonjwa wakaanza kuchangamka. Akayapeleka yaleyale kwenye wodi ya wanaume Waislamu wa Algeria. Hayakufanya kazi. Wakubwa wengi wa zama zile wangesema Waarabu ndivyo walivyo. Fanon na mwenzake Jacques Azoulay waliandika waziwazi, mwaka 1954, kwamba kosa lilikuwa lao: walikuwa wameleta maisha ya watu wengine na kutaka hawa wayaishi. Wakafungua mkahawa wa kienyeji ndani ya hospitali, wakaadhimisha sikukuu za Kiislamu, wakamleta msimulizi wa hadithi. Hapo wodi ikapata uhai.

Somo la Fanon ndilo ninalotaka lifanyiwe kazi huku kwetu, na nitataja mambo ambayo naamini yanahitaji kufikiriwa na watu wa hapa hapa.

La kwanza ni watoto wa wavuvi wa dagaa. Anayeishi karibu na mwalo anajua kwamba dagaa huvuliwa kwa taa, katika siku za giza. Mbalamwezi ikikolea samaki hawafuati taa vizuri, na wavuvi wengi hupumzika. Baba wa familia ya namna hii huenda kambini kisiwani giza linapoanza, na hurudi nyumbani mwezi unapong'aa. Bowlby na mwenzake James Robertson waliwaangalia watoto waliolazwa hospitalini bila wazazi, wakaeleza hatua tatu: mtoto hulia na kupinga, kisha hukata tamaa, kisha hujitenga hata na mama anayerudi. Lakini watoto wale waliachwa ghafla, bila mpangilio ambao wangeweza kuuzoea. Mtoto wa mvuvi anaachwa kwa mapigo, mwezi hadi mwezi. Je, mapigo hayo yanampa kitu cha kushikilia? Je, mtoto wa mwaka mmoja na nusu anaanza kumtazamia baba kwa ishara za nyumbani, nyavu zinazoshonwa, taa zinazochajiwa? Na inakuwaje kwa yule ambaye baba huhama kambi hadi kambi akifuata samaki, asirudi mwezi huu wala ujao? Nahisi tofauti kati ya watoto hao wawili ni kubwa kuliko tofauti kati ya mwenye baba na asiye naye. Ni dhana tu kwa sasa, lakini ni dhana ambayo mtu wa London hawezi kuianzisha, kwa sababu hajui kwamba mwezi unaingia ndani ya malezi.

Hapohapo kuna kanga. Donald Winnicott, daktari wa watoto aliyefanya kazi miaka mingi katika hospitali moja ya watoto London, aliandika mwaka 1953 juu ya kile kipande cha blanketi ambacho mtoto hakubali kutengana nacho, kinachomsaidia kuvumilia mama asipokuwepo. Bibi wengi wa huku wanaijua habari hiyo kwa vitendo. Mtoto akiachwa kwao, hulazwa na kanga ya mama ambayo haijafuliwa, na bibi atakwambia mwenyewe kwa nini haijafuliwa. Ningependa kusoma makala iliyoandikwa kwa Kiswahili inayoanza na bibi huyo, halafu Winnicott atajwe baadaye kama mtu aliyeafikiana naye.

La pili ni zito, na nalitaja kwa uchungu. Katika Usukuma vikongwe wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, wekundu ambao moshi wa miaka mingi jikoni unatosha kuuleta. Tumefundishwa kulieleza jambo hili kwa umaskini, ugomvi wa mashamba na ukosefu wa elimu, na maelezo hayo yana ukweli. Hayatoshi. Klein aliandika mwaka 1946 jinsi nafsi inavyoweza kukitoa nje kitu kibaya isichoweza kukistahimili ndani, ikakiweka kwa mtu mwingine, kisha ikamwogopa mtu huyo kana kwamba kibaya kimetoka kwake. Nikisikiliza namna tuhuma zinavyoanza, mara nyingi kuna kifo cha mtoto nyuma yake, na kuna mzazi anayejiuliza usiku kama alichelewa kwenda zahanati. Kubeba swali hilo ni kazi ngumu kupita kiasi. Mzee mwenye macho mekundu, mjane, asiye na wa kumtetea, yuko jirani. Simtetei muuaji, na sheria ifanye kazi yake. Nasema kwamba anayetaka kuyazuia mauaji kabla hayajatokea anahitaji kumsikiliza mzazi huyo mapema, akiwa bado kwenye huzuni, kabla huzuni haijapata jina la mtu. Mshauri anayemcheka kwa kuamini uchawi atafukuzwa. Anayekubaliana naye ataongeza moto. Kuna namna ya tatu ya kukaa naye, na hiyo ndiyo uchanganuzi nafsi umeifanyia kazi kwa zaidi ya miaka 100.

Kuna pia MV Bukoba. Meli ilizama karibu kabisa na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na mamia ya watu wakafa, wengine bila miili yao kupatikana. Freud aliandika mwaka 1917 kwamba kuomboleza ni kazi, mtu huipitia kumbukumbu moja baada ya nyingine mpaka moyo ukubali kwamba aliyekufa amekufa. Matanga yetu yanaifanya kazi hiyo kwa siku chache zenye watu wengi, na naamini ni hekima kubwa. Lakini pasipo mwili, matanga yanaanuliwaje? Waliokuwa wajane wakati ule sasa ni wazee. Wanapaswa kuulizwa wakiwa hai, na mtu anayejua kuuliza polepole.

Najua hoja itakayofuata: hospitali zimejaa, watafiti wana mikataba ya kutimiza, dodoso lina maswali mengi na muda ni mfupi. Mwanza haina uhaba wa watafiti hodari. Utafiti mkubwa uliofanyika mkoani hapa na kuchapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba kutibu vizuri magonjwa ya zinaa katika vituo vya afya vya vijijini kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40, na dunia nzima ikausoma. Tunajua kuhesabu. Ninaloomba ni kwamba masikio nayo yapewe nafasi, na yaandike kwa lugha ambayo waliosikilizwa wanaweza kuisoma. Girindrasekhar Bose, aliyeanzisha chama cha wachanganuzi nafsi cha India huko Calcutta mwaka 1922, alibishana na Freud kwa barua na pia akaandika kwa Kibengali. Freud naye aliandika Kijerumani kizuri kiasi cha kupewa Tuzo ya Goethe mwaka 1930. Kwa nini sisi tudhani kwamba nafsi ya mtu wa Sengerema itaelezwa vizuri zaidi kwa Kiingereza?

Siri za watu zilindwe, hilo halina mjadala. Ridhaa iombwe kwa maneno yanayoeleweka, jina na kijiji vibadilishwe, na pale ambapo kubadilisha hakutoshi kumficha mtu, kisa kisiandikwe.

Kuhusu gharama, kuna njia ambayo haihitaji mashine wala ufadhili mkubwa. Mwaka 1948 Esther Bick alianzisha London mafunzo ya kumtazama mtoto mchanga nyumbani kwao: saa moja kila wiki, tangu kuzaliwa hadi afikishe miaka miwili, bila kushauri, bila kuandika chochote ukiwa pale. Ukirudi ndipo unaandika ulichoona, kisha unakisoma mbele ya kikundi kidogo na mnafikiri pamoja. Kwetu mtazamaji atapewa kiti, na pengine uji, na itabidi kikundi kizungumze mapema kuhusu mgeni asiyeshauri kitu katika nyumba ambayo kila mgeni hutarajiwa kushauri. Hilo peke yake ni la kuandikia makala. Tunahitaji watu watano au sita, familia zitakazoridhia, mlezi mmoja wa kikundi aliyefunzwa, hata kama atatusikiliza kwa simu kutoka mbali, na chumba cha kukutania mara moja kwa wiki, Kirumba, Igoma au Mkolani, popote penye nauli nafuu kwa wote.