Zakayo, Mbona Hushuki?

Kanisani kwetu wapo wanaopewa nafasi ya kuigiza kwa sababu wana sauti, na wapo wanaopewa kwa sababu wana ndevu. Mimi huteuliwa kwa kimo. Luka 19, kisa cha Zakayo yule mfupi aliyepanda mti ili amwone Yesu, ikitajwa tu kwenye kikao, macho yote yanageukia benchi letu, yanashuka kidogo, ndipo yananipata.

Jina langu la ubatizo ni Gideoni, ila halitumiki. Naitwa Nukta. Lilianzia shuleni, likanifuata kwenye kwaya, mwisho likapanda hadi madhabahuni. Jumapili moja katibu alisoma matangazo: "Kikao cha vijana kitafunguliwa kwa sala na ndugu Nukta." Kanisa zima likaitikia amina. Jina likishaitikiwa amina, hapo hakuna pa kukata rufaa.

Na wafariji ndio balaa zaidi. Mpendwa akikuona mfupi anakimbilia Maandiko. Utasikia Daudi naye alikuwa mdogo (mdogo wa kuzaliwa, jamani, nani kasema alikuwa mfupi?). Utasomewa 1 Samweli 16:7, pale Mungu anapomwambia Samweli asimwangalie Eliabu, kaka yake Daudi, uso wala urefu wa kimo chake. Mstari mtamu sana, ila jaribu kuufurahia ukisomewa na mtu aliyeegemeza kiwiko begani mwako. Zaburi 139 inasema nimeumbwa kwa jinsi ya ajabu ya kutisha. Ajabu nilikubali. Kutisha, sijawahi kumtisha hata paka.

Basi mwaka huo tena nikapewa Zakayo. Mkuyu halisi una shina nene, na matawi yake huanzia chini na kutanuka, ndiyo maana mkuu wa watoza ushuru, tajiri, mtu mzima na heshima zake, aliweza kutimua mbio na kuupanda mbele ya watu wa Yeriko waliokuwa hawampendi. Mkuyu wetu ulikuwa ngazi ya fundi rangi iliyofungwa matawi kwa waya. Nilimuuliza mama mwenyekiti wa maigizo kama ncha za waya zimekunjwa. Akanijibu, "Mtumishi, kuwa na imani."

Yesu alikuwa kijana wa besi, mrefu, mpole, mgeni kidogo kwetu, amebanwa kipaza sauti kwenye kola ya kanzu. Kwaya ikaanza, umati ukasogea, mimi nikakimbia na joho langu la kuazima, nikapanda. Watoto wa shule ya Jumapili wakashangilia. Kule juu mambo ni mengine kabisa! Niliona upara wa mzee wa kanisa unavyong'aa, nikamwona mhasibu amesinzia, nikaona na vumbi lililolala juu ya mapanga ya feni. Kumbe watu warefu wanaishi na vumbi jingi hivyo na wamenyamaza tu.

Yesu akafika chini ya mti, akainua macho. "Zakayo, shuka upesi, kwa kuwa leo imenipasa kushinda nyumbani mwako."

Nikashusha mguu. Joho halikushuka. Ncha ya waya ilikuwa imeingia kwenye pindo la nyuma, mahali ambapo mkono haufiki. Nikavuta, ngazi nayo ikavutika. Nikarudisha mguu haraka.

"Zakayo, shuka upesi!"

Nikatabasamu kwa toba na kubaki palepale. Mpiga kinanda, kwa kudhani moyo wa Zakayo ndio mgumu, akaingiza wimbo wa kuwaita watu watubu. Mama mmoja kwenye benchi la mbele akasema kwa uchungu, "Mtu anaitwa na Bwana, anaringa!" Wenzangu walioigiza umati walitakiwa wanung'unike, ndivyo Luka alivyoandika. Walikuwa wameinama, mabega yanatikisika.

Yesu akasogea akashika ngazi, akaninong'oneza. Ila kipaza sauti hakijui kunong'ona.

"Nukta, vipi?" Spika zote mbili zikauliza, vipi.

"Joho limenasa."

"Livue basi."

"Ndani nina bukta."

Nukta na bukta! Kanisa likapasuka kwa kicheko, mhasibu akazinduka akidhani ni wakati wa sadaka.

"Tulia, napanda," akasema Yesu. Mzee wa kanisa akasimama wima: "Hapana! Haijaandikwa hivyo!" Kijana hakumsikiliza. Akapanda ngazi kwa upande wa pili, kanzu kaishika kwa meno, mpaka tukawa uso kwa uso. Ngazi ilikuwa inatetemeka, au mimi ndiye niliyekuwa natetemeka. Akaniangalia, akaona hofu yangu, na hapo ndipo akauliza swali ambalo mpaka leo linasimuliwa.

"Samahani ndugu, Nukta silipendi. Hivi jina lako hasa ni nani?"

Yesu hamjui Zakayo! Mchungaji mwenyewe alijifunika uso kwa Biblia. Kule nyuma kuna mtu alikuwa amelala sakafuni.

Mimi kicheko kilinikatikia njiani. Nimeigiza kisa hiki tangu nikiwa mtoto, na akili yangu huwa kwenye joho na kwenye ngazi. Siku hiyo nikiwa nimening'inia ndipo nikakiona. Yeriko hakuna aliyemtambulisha Zakayo. Mji mzima ulimwita mwenye dhambi, na Bwana alikuja chini ya mti jina lake analo tayari. Hakumwambia kwanza arudishe za watu. Alianza na jina, kisha akajialika kwake, marudisho yakafuata yenyewe. Na huyo Gideoni niliyepewa jina lake? Alikuwa anapura ngano ndani ya shinikizo la kukamulia zabibu, kaificha isionwe na Wamidiani, maadui wa Israeli, na malaika akamwita shujaa. Akajitetea kwamba yeye ndiye mdogo katika nyumba ya baba yake. Malaika hakujadili kimo. Mimi jina hilo nilikuwa nalitumia kujazia fomu tu.

"Gideoni," nikasema, na spika zikalipeleka hadi nje.

"Haya Gideoni. Mguu wa kushoto kwanza. Nimekushika."

Machozi yakanitoka. Waumini wakadhani ni kipaji, wakapiga makofi. Kijana akapitisha mkono nyuma yangu akavuta pindo, na joho likaachia, krrrr, kuanzia kisigino hadi kiunoni.

Nilishuka. Na kwa kuwa Luka hajaweka mapumziko pale, nikasimama mbele ya watu, mkono mmoja umeshikilia nyuma, nikatamka: "Tazama, Bwana, nusu ya mali yangu nawapa maskini."

"Na nusu ya joho umeshatoa!" vijana wakajibu.

"Na ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila, namrudishia mara nne."

Fundi wa mavazi akanyoosha kidole. "Nayahesabu majoho yangu manne, mtumishi!"

Kimo changu hakijaongezeka hata unywele. Jumapili iliyofuata katibu alisoma "ndugu Nuk...", akakohoa, akasema "ndugu Gideoni", na kanisa zima likageuka nyuma kumtafuta mgeni. Taratibu watazoea. Mimi mwenyewe bado nachelewa kuitika.

Juzi mama mwenyekiti katangaza igizo jipya, Daudi na Goliathi. Nikamfuata nikaomba Goliathi. Alinitazama toka utosini, safari fupi, akafungua Biblia yake na kunionyesha kwa kidole: mikono sita na shibiri moja.

"Shibiri unayo," akasema. "Hiyo mikono sita tutaitoa wapi?"

Nikamwambia hiyo ni kazi ya kamati yake. Mimi nimeshaanza kukariri majigambo ya yule Mfilisti, na yananikaa vizuri mno. Nina miaka mingi ya kuyasikiliza.