Michoro yangu ilifungiwa karanga

Juzi mwalimu mwenzangu kanisimamisha koridoni: michoro ya watoto ya mwaka jana aitie stoo pamoja na ile ya mwaka juzi, au bado naihitaji? Stoo! Shule hii ya London ina kabati la chuma lenye droo pana za kulaza karatasi kubwa, na kila mtoto ana faili lake. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Mimi mchoro wangu wa darasa la tano nilikutana nao Tanga, kwenye karanga za kufunga. Nakunjua karatasi, namwona ng'ombe wangu, kiuno chote kimelowa mafuta, na maksi za mwalimu kwa wino mwekundu: 8/10.

Haya, nawasikia. "Keshakula siagi ya Ulaya, anatudharau. Mzazi anahangaika na michango, yeye anataka kabati!" Jamani, nimefundisha huko. Kipindi cha kuchora kilikuwa Ijumaa mchana, na mitihani ikikaribia kinamezwa na hesabu. Najua ninachosema.

Na wala si michoro ya watoto tu tusiyoitunza. Sam Ntiro, mchoraji, Mchaga wetu, picha yake ya wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku iko MoMA, jumba la sanaa la New York, tangu 1960. Everlyn Nicodemus wa Marangu alijichora mwaka 1982 akiwa Åkersberga, Sweden, nyuso zake zimepandana hata hujui ipi inakutazama. Mwaka 2022 National Portrait Gallery, jumba la picha za watu la hapa London, ikainunua. Nilipokwenda kuiona kichwa kilivimba, nikatamani kumwambia kila anayepita kwamba huyu ni wa kwetu. Dakika mbili baadaye nikapandwa na hasira: yaani binti wa Marangu aombe viza ndiyo amwone jirani yao?

Huku nako si peponi, msije mkadhani. Nachora cherehani ya shangazi yangu, nachora baraza ya nyumba yetu Ngamiani, halafu mteja ananiuliza mbona hakuna twiga. Kumbukumbu zangu wanazitaka, mradi ziwe na mbuga. Siku hizo natamani kufunga mizigo.

"Basi rudi! Tatizo letu ni pesa tu." Pesa? Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli na vipande vya hadibodi. Polisi walimpiga risasi kwa bahati mbaya mwaka 1972, na ndani ya muda huo mfupi alikwishaacha mtindo unaolisha watu mpaka leo. Hakusubiri mfadhili.

Kabati la chuma siliombi. Boksi la sabuni lililokwisha, liwekwe juu, mbali na mchwa, jina la mtoto liandikwe ubavuni. Hilo nalo mtaniambia ni mambo ya Wazungu?