Kabla Hujautuma Mswada, Uulize Wavu

Mswada wangu wa kwanza kuhusu ukuaji wa samaki ulirudi baada ya siku 4. Haukufika hata kwa wahakiki. Mhariri aliandika mistari miwili tu: bidii inaonekana, ila sampuli haiwezi kubeba kinachodaiwa. Nilikasirika. Nilikuwa nimepima samaki 1,100 na ushei, nimepanga marejeo nukta kwa nukta kama jarida lilivyoagiza, nimechora ramani yenye rangi saba. Wiki nzima nilimsema yule mhariri kwa kila aliyekubali kunisikiliza.

Hasira ilipopoa nikaufungua tena, nikaenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mbinu, nikatafuta nilichoandika kuhusu namna samaki wale walivyopatikana. Nikakuta hivi: "Sampuli zilikusanywa kutoka kwa wavuvi." Basi. Maneno matano kwa kazi ya miezi 14.

Tangu hapo nimehakiki miswada mingi ya wengine, na msimamo wangu umezidi kukaza: mswada wa sayansi ya uvuvi hufia kwenye mbinu, tena mapema, kabla mwandishi hajafika kwenye mjadala. Ushauri tunaopeana mara nyingi unahusu lugha, muundo, na jinsi ya kumwandikia mhariri barua tamu. Hayo nayo yana siku yake. Lakini mhakiki anayeijua kazi hii huanza na swali moja la kihuni kidogo: huyu samaki alifikaje mezani?

Maana samaki hawaji mezani kwa kupigiwa kura. Anakuja yule ambaye wavu ulimtaka. Jarife lenye matundu ya kimo kimoja humnasa samaki wa unene fulani kwenye matamvua. Mdogo anapenya, mkubwa anagonga anageuka. Ndoana kubwa humwacha mwenye mdomo mdogo. Ukichora mgawanyo wa urefu kutokana na jarife hilo moja, ulichokichora ni picha ya wavu kuliko picha ya samaki.

Sasa tazama kinachofuata, kwa sababu nimekiona mara nyingi na mimi mwenyewe nimekifanya. Mtafiti anachukua urefu huo na kuuingiza katika fomula ya ukuaji ya von Bertalanffy, ile inayoeleza jinsi samaki anavyorefuka kadiri umri unavyosonga. Anapata urefu wa kikomo, L∞, na kigezo cha kasi, K. Vigezo hivi viwili huvutana: kimoja kikishuka kimakosa, kingine hupanda. Kwa hiyo kukosekana kwa samaki wakubwa kunaviharibu vyote viwili. Kisha anakokotoa vifo vya asili, M, kwa mlinganyo wa mwanasayansi wa uvuvi Daniel Pauly wa mwaka 1980, ambao hutumia L∞, K na joto la maji. Kosa limehamia huko. Kisha anakadiria jumla ya vifo, Z, kwa mteremko wa idadi ya samaki kadiri urefu unavyoongezeka. Mteremko huo haujui tofauti kati ya samaki aliyekufa na samaki aliyeupita wavu pembeni. Wote wawili hawapo kwenye takwimu, basi wote wamekufa. Z inapanda. Anaitoa M kwenye Z, anapata vifo vya uvuvi, F, anagawanya kwa Z, anapata uwiano wa 0.7 au zaidi, anaulinganisha na ile 0.5 ambayo kila mtu anainukuu kama mpaka wa uvuvi wa wastani, anatangaza kwamba samaki hawa wamevuliwa kupita kiasi. Desimali tatu kila hatua.

Huenda ni kweli wamevuliwa kupita kiasi. Huenda samaki wakubwa wapo, wametulia mahali ambapo jarife lile halikutupwa. Mhakiki hana njia ya kujua, na asiyejua hukataa.

Kwa hiyo ninaposoma mbinu nataka kuona aina ya zana, ukubwa wa matundu na jinsi yalivyopimwa (tundu likiwa limenyooshwa, au upande mmoja toka fundo hadi fundo? tofauti yake ni mara mbili), urefu wa wavu, saa ulizokaa majini, kina, usiku au mchana, miezi gani. Na jambo moja ambalo karibu kila mtu analisahau: samaki uliowapima, walikuwa wameshachambuliwa? Kama mnunuzi alipita kabla yako akachukua wakubwa, wewe umepima mabaki. Hakuna aibu kulisema. Aibu ni mhakiki kulibahatisha.

Juhudi ya uvuvi, yaani kiasi cha kazi iliyotumika kuvua, nayo ina mtego wake. Watu huandika "kilo kwa chombo kwa siku" kana kwamba chombo ni kipimo kama mita. Chombo chenye watu wawili na makasia si sawa na chombo chenye injini, watu sita na kifaa cha kuonyesha samaki waliko. Siku ya saa tatu si siku ya saa kumi na mbili. Ukiyachanganya, mstari wako unaopanda mwaka hadi mwaka huenda unaonyesha injini zikiongezeka tu.

Hapa fani yetu ina kovu. Chewa wa Atlantiki, Gadus morhua, walivuliwa pwani ya Newfoundland, Kanada, kwa karne nyingi. Katika miaka ya 1980 meli kubwa za kukokota nyavu ziliendelea kupata samaki wengi kwa kila saa ya kazi, kwa sababu samaki waliobaki walijikusanya na manahodha walijua wanakojikusanya. Makadirio yaliyoegemea viwango hivyo vya mavuno yakaonyesha akiba ya samaki kubwa kuliko iliyokuwepo majini. Tarehe 2 Julai 1992 serikali ikafunga uvuvi ule, na maelfu ya watu wakakosa kazi. Kila ninapoona mswada wenye sentensi "mavuno kwa juhudi hayakubadilika, hivyo akiba ni thabiti", namkumbuka chewa yule. Sentensi hiyo inahitaji kutetewa kwa aya nzima, na aya hiyo huwa haipo.

Mengine ni madogo lakini yanachosha. Sema umepima urefu gani: jumla mpaka ncha ya mkia, mpaka kwenye uma wa mkia, au bila mkia. Watu wa jodari hupima mpaka kwenye uma. Ukilinganisha namba zao na urefu jumla wako bila kubadilisha, jodari wako wamekuwa wakubwa kwa kalamu. Kwenye uhusiano wa urefu na uzito, kipeo b (kile ambacho urefu hupandishwa ili kupata uzito) huwa karibu na 3, kwa kawaida kati ya 2.5 na 3.5. Ukipata 2.1, usikimbilie kuandika aya mbili kuhusu uhaba wa chakula majini. Kwanza angalia kama samaki wako wote wana urefu unaokaribiana, au kama mizani yako ilikuwa inasoma hatua za gramu 5 huku samaki wenyewe wana gramu 12. Nimeshuhudia nadharia nzima ya lishe ikijengwa juu ya mizani mbovu.

Na majina. Jina la kisayansi lina adabu yake, na mhariri mwenye jicho huipima kazi yote kwa hilo. Chewa yule wa Atlantiki ni Gadus morhua Linnaeus, 1758, bila mabano, kwa kuwa jenasi (lile neno la kwanza la jina) aliyompa Linnaeus, aliyemwelezea kwanza, ndiyo aliyonayo hadi leo. Jodari mapezi-njano ni Thunnus albacares (Bonnaterre, 1788), ndani ya mabano, kwa kuwa Bonnaterre alimweka katika jenasi nyingine na baadaye akahamishwa. Mabano yale yanasimulia historia, hayakuwekwa kama pambo. Katalogi ya samaki iliyoanzishwa na William Eschmeyer iko wazi mtandaoni na inasahihishwa mara kwa mara. Dakika kumi zinatosha kukagua majina yote ya mswada. Ukinakili jina kutoka makala ya zamani, unanakili na kosa lake.

Kuhusu mpangilio wa kuandika, kila mtu ana dini yake. Yangu ni hii: majedwali na michoro kwanza, kisha mbinu, kisha matokeo. Utangulizi nauandika karibu na mwisho, ikisiri baada ya hapo, na kichwa cha makala kabisa mwisho. Anayeanza na utangulizi huwa anaahidi asichonacho, halafu anatumia kurasa zilizobaki kuifukuzia ahadi. Utamjua kwa sentensi yake ya kwanza: "Samaki ni chanzo muhimu cha protini duniani." Ndugu mwandishi, anayesoma jarida la uvuvi analijua hilo. Anza na kile ambacho hakijulikani kuhusu samaki huyu, au zana hii, au hesabu hii.

Mjadala nao una ugonjwa wake wa mwisho, ile aya ya mapendekezo. Mswada ulipima ukomavu wa samaki kwa miezi mitano, ukaishia kuitaka serikali ifunge uvuvi kwa robo ya mwaka. Miezi mitano haikuonyeshi msimu wa kuzaa; hujaona ile mingine saba. Isitoshe, nje ya msimu, samaki aliyekwisha kutaga na sasa amepumzika hufanana sana kwa macho na samaki ambaye hajawahi kukomaa. Kama hukuangalia tishu kwa hadubini, kadirio lako la urefu ambao nusu ya samaki wamekomaa linaweza kuwa limepotoka, na hilo ndilo kadirio ambalo watu watalitumia kuamua ukubwa wa matundu ya nyavu. Kuna mvuvi atakayenyang'anywa wavu kwa sababu ya mstari wako kwenye grafu. Ndiyo maana siamini kwamba uangalifu huu ni wa kuwaridhisha wahakiki peke yao.

Jarida lipi? Sina mengi. Soma matoleo yake ya miaka miwili ya karibuni, usiishie kwenye ukurasa wa malengo, maana kila jarida hujieleza kwa maneno mapana. Kama katika marejeo yako hakuna hata makala moja ya jarida hilo au ya majarida ndugu zake, huenda umegonga mlango wa jirani. Maelezo ya spishi moja katika ghuba moja yana nyumba yake nzuri kwenye majarida ya kanda. Ukiyapeleka kwenye jarida linalotaka mbinu mpya za tathmini ya akiba za samaki, utarudishiwa, na aliyekurudishia hana chuki na wewe. Usitume sehemu mbili kwa wakati mmoja. Na jarida linalokuahidi kukubaliwa ndani ya siku tatu, tena kabla hujatuma, lipe mgongo.

Barua kwa mhariri iwe fupi. Nini kimegunduliwa, kwa nini wasomaji wake watajali, kwamba kazi haiko kwingine, na kwamba waandishi wote wameusoma mswada. Hilo la mwisho liwe kweli. Nimewahi kuona mwandishi wa nne akikataa hadharani matokeo ya makala yenye jina lake. Majarida mengi siku hizi hutaka kila mwandishi aeleze alichofanya, na mfumo unaotumika sana una majukumu 14. Wengine huuona usumbufu. Mimi naupenda, kwa sababu unamlazimisha mkubwa wa maabara kutafuta chumba cha kujiweka. Na yule kijana aliyekaa alfajiri 90 akipima samaki, akagundua kwamba wanunuzi wanachambua kabla yake, huyo asiishie kwenye mstari wa shukrani kama mchango wake ulikuwa wa mawazo.

Takwimu zenyewe ziandae mapema pia, kwa sababu majarida mengi sasa yanauliza zitapatikana wapi, na "zitatolewa zikiombwa" ni jibu linalozidi kupungua nguvu. Vibali vya kukamata na kuua samaki wa utafiti viwe na namba na viwe mkononi kabla ya safari ya kwanza. Vikitafutwa baada ya mhakiki kuuliza, umechelewa.

Jioni ya mwisho, mswada ukiwa tayari, mimi huuchapa kwenye karatasi na kufanya kazi ya kijinga: nahesabu samaki. Idadi iliyo kwenye ikisiri, kwenye mbinu, kwenye kila jedwali, kwenye maelezo ya kila mchoro. Kama jumla ni 640 kwenye mbinu na 612 kwenye jedwali la pili, lazima niweze kuwataja wale 28 walikokwenda. Mara nyingi kuna maelezo mazuri, wengine walikuwa wamekatika mikia, wengine jinsia haikutambulika. Yaandikwe.

Mswada wangu ule niliuandika upya. Nilirudi kwenye madaftari ya uwandani nikakuta kwamba kwa sehemu ya samaki nilikuwa nimenukuu ukubwa wa matundu ya wavu uliowaleta, nyavu tatu tofauti. Walibaki 640. Nikaachana na ukuaji, nikaachana na vifo, nikaandika kile tu nilichoweza kukitetea: kila wavu ulileta samaki wa kimo gani, na wangapi kati yao walikuwa wachanga. Kichwa kikapungua nusu. Ramani ikabaki na rangi mbili. Nikautuma kwenye jarida jingine, ukapita kwa mhariri, ukafika kwa wahakiki wawili. Wa kwanza alikuwa na maswali ya lugha. Wa pili alikuwa na swali moja la mbinu: matundu ulipoyapima, nyavu zilikuwa kavu au zimelowa?

Zilikuwa zimelowa. Nikaongeza maneno hayo mawili mahali pake, nikautuma tena.